Hina Iliyokataa Kufifia

Sojat nzima inanuka hina, ila mtu wa Sojat haisikii tena harufu hiyo. Vumbi la kijani hukaa juu ya mapaa, juu ya malori, hata juu ya chai, na wanawake wa viwandani hurudi majumbani na nyayo za rangi ya chungwa bila kutaka. Watani wao wa mji jirani wa Pali husema mbuzi wa Sojat wote wameshaolewa, maana hata kwato zao ni nyekundu. Katika mji wa namna hiyo mwanamke asiyetakiwa kuonekana na doa ni mjane peke yake, na mkemia wa kiwanda cha Parihar alikuwa mjane.

Jina lake Sumitra Tak, miaka thelathini na mbili, msomi wa kemia kutoka Jodhpur. Mumewe aliuawa na lori akiwa kwenye pikipiki, mwaka wa tatu wa ndoa. Tangu siku hiyo hakuvaa bangili wala nguo nyekundu, na hina ndiyo kabisa, kwa kuwa hina ni ya mwenye mume. Kuipima kwenye mizani, kuichekecha na kuichanganya, ruhusa. Kujipaka, mwiko. Kina mama waliochekecha unga pale kiwandani walimpenda sana, lakini kila asubuhi walimtazama viganja kwanza, ndipo wakamsalimu.

Bwana Parihar, mwenye kiwanda, alikuwa na kilio kimoja. Bibi harusi wa huko hupakwa hina mpaka viwikoni, na kwa desturi hagusi kikaango wala ufagio wa ukweni mpaka hina yake ififie. Hiyo ndiyo likizo yake ya pekee duniani, maskini, na haizidi siku kumi na tano. Viwanda vya matapeli vilitia unga wa piko, ile rangi nyeusi ya nywele, ili rangi ikae, na watu wakafura malengelenge. Parihar alitaka hina ya kukaa mwezi mzima bila kumchoma mtu.

Sumitra alijua kuwa kosa si la rangi. Rangi ya hina ikishaingia kwenye ngozi haitoki. Ngozi yenyewe ndiyo inayopukutika kidogo kidogo kila siku, na watu huikung'uta kwenye mashuka bila kujua. Basi akaachana na rangi, akaishughulikia ngozi. Alihangaika miaka miwili akitafuta kitu cha kuizuia isipukutike, na michanganyiko arobaini ikaenda na maji. Wa arobaini na moja aliutengeneza asubuhi moja ya Januari. Ulikuwa na unga wa majani, maji ya ndimu, sukari, mafuta ya mkaratusi, gundi ya mgunga, na kiungo chake mwenyewe alichokipika siku tisa ndani ya chupa. Hicho sikitaji, na mtaona kwa nini.

Kanuni ya kiwanda ilikuwa wazi: kila mchanganyiko mpya hupakwa wanawake watatu, husubiriwa mpaka doa liishe kabisa, ndipo matokeo yaandikwe daftarini. Lakini Sumitra alikuwa na siri yake. Alianza kwa kujipaka mwenyewe, upande wa ndani wa mkono, karibu na kwapa, ambako blauzi ilifunika. Alijiambia kwamba si tamaa, kwamba hapendi kumpaka mwenzake kitu ambacho yeye hajakivaa. Mimi ninamwamini nusu. Mtu aliyenyimwa rangi miaka mingi kiasi kile ana njaa yake.

Asubuhi ile baridi ilikuwa kali, na vipele vya baridi vilimsimama mkono mzima. Akachora duara dogo, saizi ya kifungo cha koti. Kesho yake lilikuwa jekundu la kukolea, zuri ajabu. Siku ya ishirini lilikuwa vilevile. Siku ya thelathini, vilevile. Akawa anafunga mlango wa maabara na kupandisha mkono wa blauzi kulitazama, na moyo wake ukijaa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani ambao hakuna wa kumsimulia.

Hapo ndipo mdogo wake, Kanchan, alipokaribia kuolewa. Kanchan alikuwa kitinda mimba wa nyumba yao, mdomo mwepesi na kicheko karibu. Alikuwa anapelekwa Bilara, kwa mama mkwe aitwaye Jamna, ambaye sifa zake zilimtangulia.

"Jiji," alisema, maana ndivyo wanavyomwita dada mkubwa, "huyo mama watu wanasema hata ng'ombe wake hawapumziki. Nipake hiyo hina yako ya mwezi. Nikae siku thelathini nakula halua, mikono nimeinua hivi, kama malkia."

"Bado naipima."

"Umempaka nani?"

Sumitra aliushusha mkono wa blauzi. "Bhuri," alisema.

Bhuri alikuwa mchekechaji mzee wa pale kiwandani, na hakuwahi kupakwa hata tone la mchanganyiko ule. Lakini uongo ukishatoka mdomoni hutafuta pa kukaa. Jioni ile Sumitra aliandika jina la Bhuri daftarini, na mbele yake akaandika kwamba doa lilianza kufifia siku ya thelathini na tano. Alikuwa na hakika kuwa litafifia. Angeandikaje jina lake mwenyewe, Parihar alisome mbele ya watu? Wahenga walisema mficha uchi hazai, ila wahenga hawakuwa wajane wa Sojat.

Mjane hampaki bibi harusi, ni mkosi. Mchoraji wa kukodi alipewa miguu tu, na mikono Sumitra aliichora mwenyewe kwa siri, adhuhuri ya siku moja kabla ya harusi, katika chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Kanchan hakutulia, alicheka na kujinyonganyonga, ikabidi amshike kifundo cha mkono kwa nguvu na kumwambia atulie. Walikaa hivyo saa tatu nzima, mmoja ameshika, mwingine ameshikwa. Sumitra alisema baadaye kwamba tangu afiwe hakuwa na saa tatu nzuri kama zile.

Mwezi wa kwanza wa ndoa Kanchan alipiga simu akicheka: hina iko palepale, mama mkwe amenuna, yeye anakula. Mwezi wa pili alipiga tena, akasema wanawake wa kijiji kizima wanakuja kuitazama, wanaipapasa wapate baraka. Hakucheka sana safari hii. Alisema kucha zake hazijakua.

Aprili joto liliingia Sojat, lile la kukausha mate mdomoni. Siku moja Sumitra alikuwa anaoga, jasho likimtoka hata ndani ya maji, mkono wake ukapita juu ya lile duara. Lilikuwa la baridi. Akasogea dirishani kulitazama. Ngozi yote pembeni iling'aa kwa jasho, lakini ndani ya duara palikuwa pakavu, na vipele vitatu vya baridi vilikuwa vimesimama, vya asubuhi ile ya Januari. Alivipapasa kwa kidole, vikakataa kulala. Akakaa chini kwenye sakafu yenye maji, na kwa mara ya kwanza akaogopa.

Ni mtu wa sayansi, basi aliogopa huku anapima. Alijichoma sindano ndani ya duara. Hakusikia kitu, wala damu haikutoka. Katika wiki zilizofuata alichoma mara sita nyingine, kila mara akaandika tarehe. Mara ya mwisho alidondosha tone la tindikali, ambalo pahali pengine lingemla nyama. Lilikaa juu ya duara na kukauka, likaacha harufu ya ndimu na mkaratusi tu. Alielewa kwamba hakuizuia ngozi isipukutike. Aliizuia siku isipite.

Siku iliyofuata alipanda basi la Bilara.

Alimkuta Kanchan jikoni, na alichokiona kilimfanya ashikilie mwimo wa mlango. Mdogo wake alikuwa anapika mikate ya uwele, na aliigeuza juu ya makaa kwa vidole. Kaa moja lilipotoka nje ya jiko, aliliokota na kulirudisha taratibu, huku anamsalimia dada yake na kumuuliza habari za safari. Mikono yake ilikuwa mizuri kama siku ya harusi, maua na tausi mpaka viwikoni, hakuna kovu hata moja.

Jamna alisimulia mwenyewe, kwa fahari. Alisema aliisubiri hina ififie miezi miwili kama desturi inavyotaka, asije akasemwa. Kisha siku moja mkono wa Kanchan uliteleza ukazama ndani ya samli inayochemka, na ukatoka mzima. Tangu hapo desturi ilikufa. Masufuria yakawa yanaepuliwa bila kitambaa, na watu wakaja kutoka vijiji vya jirani kumtazama mkwewe akishika moto. Jamna alisema mungu wa kike ameingia katika mikono ile. Kazi alizompa huyo mungu zilikuwa za kutosha watu wanne.

Walipobaki wawili uani, Kanchan alimsogelea dadake.

"Jiji, kuna mtu amenishika," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa, kwenye kifundo. Kwa nguvu, vile ulivyonishika siku ile. Mchana kutwa, usiku kucha. Kingine chochote sikisikii, si maji, si moto, si mkono wa mume wangu. Nasikia hicho tu. Mwambie aniachie. Nimechoka kushikwa."

Hapo ndipo Sumitra angesema yote. Hakusema. Alimwambia ni dawa tu, itaisha, akarudi Sojat na aibu yake ndani ya mkono wa blauzi.

Kiwandani aliumwaga mchanganyiko wote uliobaki na kuchoma karatasi zake. Alimwambia Parihar kwamba umeoza, akatukanwa kidogo, akavumilia. Kisha akaanza kutafuta kitu cha kuifungua ngozi aliyoifunga. Alitumia tindikali ya maziwa, alitumia urea, alitumia vimeng'enya vya papai. Kanchan alipiga simu kusema ana mimba, na Sumitra alimpongeza huku anakoroga. Miezi sita ilipita. Novemba alipata kiyeyusho ambacho, kikipakwa kwenye duara, kililegeza ukingo wake.

Alijipaka asubuhi, peke yake maabara. Kwanza vipele vitatu vya baridi vikalala. Joto likaingia pale mahali, joto la Februari, kisha la Machi, kisha moto wa Aprili, yakifuatana upesi. Akatabasamu. Halafu akachomwa sindano. Hapakuwa na sindano. Tone la damu lilijitokeza lenyewe, na kabla halijatiririka akachomwa ya pili, kisha ya tatu, zote saba kwa mpangilio aliouandika. Mwisho ikaja tindikali. Aliuma mtandio wake mpaka ukatoboka, na ilipokwisha palikuwa na shimo jekundu saizi ya kifungo cha koti.

Akabaki amekaa sakafuni akiifikiria mikono ya Kanchan. Samli. Masufuria. Makaa ya miezi saba. Hakuna kilichopotea, vyote vilikuwa vimepanga foleni nje ya mlango, na yeye ndiye mwenye ufunguo. Aliamua kukificha kiyeyusho kile kabatini na kunyamaza hadi kufa. Mikono isiyoungua ina ubaya gani, alijiambia, wangapi wangeiomba. Na huenda angenyamaza kweli.

Desemba Kanchan alijifungua mtoto wa kike. Siku ya kumi na mbili alipiga simu, na sauti yake haikuwa na kicheko hata chembe.

"Jana nilimdondosha," alisema. "Kitandani, hakuumia. Nilikuwa natazama mlangoni, naongea na mama. Sikujua kama bado nimemshika au la. Niligeuka nikamkuta amelala chini ya mikono yangu, na mikono bado nimeikunja hivi. Jiji, siku kumi na mbili nimempakata mwanangu na sijamsikia. Safari nyingine itakuwa jikoni."

Sumitra alilifungua kabati.

Huko Bilara Sumitra aliwakalisha wote pamoja, Kanchan, Jamna, na Mukanlal, mume wa Kanchan, kijana mpole aliyezoea kutazama chini mama yake anapoongea. Akapandisha mkono wa blauzi. Aliwaonyesha kovu, akawaambia lilikuwa hina, hina juu ya mwili wa mjane, na kwamba kuificha ndiko kulikomfanya adanganye kwenye daftari, na uongo huo ndio uliofanya mikono ya mdogo wake iwe vile. Jamna alijivutia mtandio usoni. Kisha Sumitra akaeleza jinsi kiyeyusho kinavyofanya kazi, kwamba kila kilichopita kitakuja, kimoja baada ya kingine, kwa zamu yake.

Jamna aliushusha mtandio. Hakuna aliyejua kuliko yeye kile ambacho mikono ile ilishafanya.

"Makaa pia?" aliuliza.

"Makaa pia, mama."

"Mwache alivyo, basi," Jamna alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Nitamshikia mtoto mimi. Hataingia tena jikoni, naapa."

Kanchan alikuwa anaitazama mikono yake. Akamwuliza dadake swali moja tu, kama siku za mtoto nazo zimo ndani ya foleni. Sumitra akasema zimo, mwisho kabisa, nyuma ya yote.

"Nitoe," Kanchan alisema.

Walianza asubuhi jua linapoingia chumbani. Sumitra alikuwa amekwenda hospitali kutafuta vidonge vya maumivu, marhamu na bendeji, na vidonge Kanchan alikunywa vyote alivyoruhusiwa. Mtoto alilazwa chumba cha pili na babake. Kanchan akaizamisha mikono yote miwili kwenye beseni la udongo. Ua la kwanza lilipolegea kwenye kifundo, alishusha pumzi ndefu.

"Umeniachia," alisema.

Kisha akapokea mkono wa Mukanlal, wa usiku wa harusi. Alishangaa, akacheka huku machozi yanamtoka, akasema kumbe mkono wake una sugu, kumbe ulikuwa unatetemeka. Akapokea maji ya kisima. Akapokea pua ya ndama aliyezoea kuilamba mikono yake asubuhi. Akapokea vidole vya wanawake wa kijiji, wengi, wakipapasa. Sumitra alikaa mbele yake na hakumshika, kwa kuwa alimwahidi hatamshika.

Halafu ikaja samli.

Sitasimulia saa zile zote. Kanchan aliuma kitambaa. Malengelenge yalipanda pale ambapo hakuna moto, yakapasuka, na juu yake yakapanda mengine, na tausi wakachanika wakaelea kwenye beseni. Jamna alitoka nje mara ya tatu ya masufuria. Akarudi mwenyewe bila kuitwa, akaketi chini, akaikumbatia miguu ya mkwewe, na kila kaa lilipofika alilitambua, akataja kwa kunong'ona siku aliyomwagiza. Mchana ukapita. Jua likahama ukutani. Alasiri Sumitra aliifunga ile mikono, na chini ya bendeji hapakuwa na ua hata moja, ni nyama tu.

Kikaja kimya. Sumitra alidhani imekwisha, akaanza kukusanya vitambaa. Lakini Kanchan alikuwa ameinua mikono yake iliyofungwa, ameikunja mbele ya kifua, na hapakuwa na kitu ndani yake.

"Ana joto," alisema. "Jiji, ana joto hivi. Kisogo chake kimelowa."

Toka chumba cha pili walimsikia mtoto akikoroma usingizini. Kanchan hakugeuka kule. Aliitikisa taratibu hewa aliyoipakata, akiiegemeza huku, akiiegemeza kule, uso wake umetulia kwa namna ambayo Sumitra hakuiona tangu adhuhuri ile ya chumba cha nyuma. Akasema leo amepiga chafya. Akasema, "Sasa ameshika kidole changu." Alikuwa anazipokea siku zake moja moja, naye Sumitra alizihesabu moyoni, ya tano, ya nane, ya kumi, akijua ni ipi inayokuja. 

Mwili wa Kanchan ukastuka. Vidole vilivyoungua vikafunga ghafla, kwa nguvu zote, juu ya hewa iliyokuwa inamponyoka, bendeji zikalowa damu mpaka viwikoni, na hakukubali kuvifungua, hata walivyombembeleza, mpaka Jamna alipokimbia kumleta mtoto mwenyewe na kumlaza kifuani pake.